Mlango wa Mbele

Eudora Pilgrim, msimamizi wa ikulu, alikuwa amechoka kueleza. Kisiwa kilikuwa jamhuri tangu Agosti. Gavana, mwakilishi wa ufalme wa Uingereza, alishafungasha kofia yake ya manyoya akaenda zake, na kile kitabu ambacho watu walisaini kumtakia heri ya mwaka mpya kilishapelekwa makumbusho. Lakini mwaka mpya umeingia, na Mzee Gittens huyo hapo kwenye ngazi kama kila mwaka, ndani ya suti ya sufu, jasho likimtiririka, anataka kusaini.

“Mzee wangu, gavana hayupo tena. Nani atakisoma?”

“Kwani walikuwa wanakisoma?”

Miaka ishirini Eudora aliwapelekea magavana kitabu kile mezani, nao wakaweka vikombe vya chai juu yake.

“Sasa unajitesa nini na joto hili?”

“Mama yangu alifua mashuka ya magavana wanne wa Kiingereza humo ndani. Mlango huu hakuwahi kuupita hata siku moja. Mimi sikuwa nakuja kumwamkia mtu, binti yangu. Nilikuwa nakuja kupita.”

Eudora akasonya. Akatoa daftari lake la orodha ya sokoni, akatafuta ukurasa mweupe, kisha akaufungua mlango pande zote mbili.