Fomu Sitini za Mtaa wa Swahili

Bi Kuruthumu binti Hamis alirudi kutoka foleni ya unga saa nne asubuhi, kapu tupu, miguu imemvimba kama mihogo iliyolowekwa, akaikuta nyumba yake imejaa wanawake mpaka uani. Siku nyingine angefurahi. Mtaa mzima wa Swahili ulijua nyumba hiyo haina siku ya kupoa. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachwa, duka gani la ushirika limeshusha sukari, unapita pale barazani, unapewa chai ya mkandaa isiyo na maziwa, unaondoka na habari tatu na nusu. Hiyo nusu utaimalizia mwenyewe njiani.

Lakini Alhamisi ile alitamani hata paka asiwepo.

"Mama wa msomi huyo kaingia!" Sitara akapiga kigelegele. Sitara alikuwa jirani yake na shoga yake wa miaka thelathini, mke wa Mbaruku wa bandarini, mnene, mcheshi, mdomo hauna pazia. "Njoo utuamulie. Doti za sare hazipatikani nchi nzima, basi tumesema kila mtu avae nyekundu aliyonayo. Hata ya kufungia mzigo, alimradi nyekundu."

"Vaeni mtakavyo," Bi Kuruthumu alisema, akaketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu.

"Heee! Furaha gani hiyo ya kununa?"

Furaha yenyewe ilikuwa ya Candida, binti wa Mangi Leodegar mwenye duka Mtaa wa Msimbazi. Mama yake alifariki binti angali mdogo, na Bi Kuruthumu, jirani wa uani, akamlisha pamoja na wanawe. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumsikia binti wa Kichagga kutoka Kibosho, na rozari yake shingoni, akimwita mwanamke wa Kiislamu wa Kariakoo mama. Sasa Candida alikuwa anamaliza shahada ya pili Mlimani. Chuo kilikuwa kimechagua kazi tano bora za wanafunzi wa ngazi hiyo, zisomwe Jumamosi mbele ya watu, na ya Candida ilikuwa mojawapo. Aliandika juu ya akina mama wa Kariakoo: namna wanavyolisha nyumba zao mwaka huu wa themanini na mbili, mwaka wa foleni. Akina mama sitini waliohojiwa wote walialikwa. Basi la chuo lingewafuata. Wangesimama, wapigiwe makofi.

"Ila kuna jambo sijalielewa," Sitara akasema, akiuma uzi wa gauni alilokuwa akilipunguza kiunoni. "Klara wa nyumba ya kona anasema hana barua ya mwaliko. Mimi sina. Na mbona mimi sikumbuki kuulizwa kitu? Au niliulizwa nimelala?"

Wenzake wakacheka. Bi Kuruthumu hakucheka. Barua sitini, kila moja na jina la mama na namba ya nyumba, zilikuwa chini ya godoro lake siku ya nne sasa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwezi wa pili Candida alimletea fomu sitini. "Mama, mimi nikiingia na karatasi watadhani nimetoka serikalini, watanificha. Wewe wanakujua. Nenda nyumba kwa nyumba, uliza, andika wanavyosema." Bi Kuruthumu alikuwa amejifunza kusoma na kuandika ukubwani, darasa la jioni pale Mnazi Mmoja, na maishani hakuwahi kupewa kazi yenye heshima kama hiyo. Fomu ishirini na mbili alizijaza kwa haki, mlango kwa mlango, swali kwa swali. Mnakula mara ngapi kwa siku? Nani anakwenda foleni? Chakula kikipungua, nani anakosa?

Kisha mvua ikajaza Jangwani, shangazi yake akahamishwa na maji, akaja kulala kwake na watu saba. Foleni ikawa ya kuanzia alfajiri. Miguu ikavimba. Usaha wa kidole ukamlaza wiki nzima. Siku ya kurudisha fomu ilipofika, zilikuwa zimebaki thelathini na nane, nyeupe kama sanda.

Akakaa barazani na kuzijaza mwenyewe.

Wakati ule aliona ni sawa. Nani anazijua nyumba hizi kuliko yeye? Nani anakula nini, nani mume wake anarudi na mkate na nani anarudi na harufu ya gongo, hayo yote alikuwa nayo kichwani bila kuuliza. Hayo ndiyo aliyojiambia. Lakini kama kweli hakujua kuwa ni kosa, mbona kila fomu alibadilisha kalamu?

Candida aliingia adhuhuri, amekonda, vidole vina wino wa utepe wa mashine ya chapa. "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba! Marahaba dokta!"

"Sijawa dokta. Bado hata hii sijaimaliza." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu ambaye upande wa pili umeishiwa nguvu. "Mama, barua zimefika zote?"

Bi Kuruthumu akamtazama. Binti huyu hakuwa amelala usingizi wa maana tangu Ramadhani ya mwaka jana, na hata hiyo Ramadhani haikumhusu. Akajiinua kwa kushika mwimo wa mlango. "Njoo chumbani."

Huko ndani alifunua godoro. Candida akazitazama barua, akamtazama mama, akangoja.

"Fomu zile," Bi Kuruthumu alisema. "Nyingine sikwenda. Nilijaza mwenyewe."

Uani walikuwa wakibishana kama khanga ya rangi ya damu ya mzee ni nyekundu au si nyekundu.

"Ngapi?"

"Thelathini na nane."

Candida akaketi kitandani polepole, kama mtu anayekalia kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kurasa mia na arobaini," alisema baadaye. "Niliandika kwamba kwa nyumba nyingi za Kariakoo chakula kikipungua, hakosi mtu, wanagawana. Mwalimu wangu alisema hilo ndilo jambo jipya kuliko yote. Alilipigia mstari."

"Nisamehe, mwanangu. Naweza kugawa barua. Nitawapanga, watasema walihojiwa. Wananipenda."

"Najua wanakupenda." Candida akafumba macho. "Nimechoka, mama. Siwezi hata kukukasirikia leo. Nitakukasirikia wiki ijayo."

Akaondoka kwa mlango wa nyuma, bila kuaga uani. Kumbe kesho yake, Ijumaa, alipanda basi mpaka Mlimani, akamweleza mwalimu wake, Dakta Onesphory, neno kwa neno. Bi Kuruthumu hakujua. Siku hiyo nzima alijilaza na kusema kichwa kinamwanga, na watu walioingia kumjulia hali aliwapokea kwa mara ya kwanza bila kuwauliza habari za watu wengine.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, baraza lote lilikuwa jekundu. Wanawake arobaini na kitu, wote bila barua, maana Sitara alikuwa amekwisha tangaza kwamba basi ni la chuo na chuo ni cha wananchi. Mangi Leodegar alikuwa amefunga duka, jambo alilolifanya Krismasi na Pasaka tu, akasimama kando na koti lake la kanisani. Mchele aliokuwa ameutafuta wiki tatu ulikuwa jikoni unageuka pilau. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita.

Badala ya basi akaja Candida, kwa miguu, na bahasha ya khaki kwapani.

"Basi haliji," alisema. Hakusubiri wanyamaze. "Kazi yangu imetolewa kwenye orodha. Nimepewa miezi mitatu kuirudia. Fomu zangu zilikuwa na makosa. Ni kosa langu, niliharakisha. Samahanini mlivyojiandaa."

Kisha minong'ono ikaanza, na Bi Kuruthumu, aliyeishi na minong'ono maisha yake yote, aliijua inakoelekea. Huyu binti ameshindwa. Wachagga bwana, biashara wanaiweza, vitabu je? Wivu wa huko Mlimani. Angenyamaza tu, ifikapo magharibi hadithi ingekuwa imefika Ilala, imenenepa, na jina lake halimo.

Mangi Leodegar alikuwa amevua kofia, akiitazama ndani yake.

Bi Kuruthumu alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akasema hapo hapo alipoketi. "Si yeye. Ni mimi. Alinipa fomu niwaulize, nikawajazia mwenyewe. Thelathini na nane. Ndiyo maana hamkumbuki. Hamkuulizwa."

Sitara akaweka mikono kiunoni.

"Ala! Kwa hiyo mimi nimo humo?"

"Umo."

"Nakula mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Mnasikia? Nakula mara tatu, kama balozi!" Wanawake wakaangua kicheko. "Na Klara?"

"Mbili na chai."

"Uongo!" Klara akapiga kelele. "Chai nainywa wapi mimi, na sukari gani?"

Wakamzunguka, kila mmoja anadai kujua aliandikiwa nini. Wapo waliocheka, na wapo walionuna kweli. Mmoja alisema maisha hatamwambia tena Bi Kuruthumu hata siku aliyozaliwa, akaondoka na khanga yake nyekundu. Bi Kuruthumu aliwaacha waseme.

Pilau likaiva, likaliwa. Chakula kilichokwisha pikwa hakiulizi sherehe imeahirishwa. Candida alikula matonge mawili, kisha akafungua bahasha na kutoa fomu mpya, nyeupe.

"Nianze nyumba gani?" akauliza, hakumtazama mtu.

"Kaa ule," Bi Kuruthumu alisema. "Lete hapa." Akamgeukia Sitara. "Wewe, sogea. Mume wako yupo?"

"Kazini. Unamtaka?"

"Swali la kwanza. Mnakula mara ngapi?"

"Umesema tatu!" Sitara akacheka, akapiga paja. Alipoona kalamu imenyanyuliwa na haishuki, akapunguza kicheko. "Andika mara mbili."

"Nani anakwenda foleni?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Chakula kikipungua, nani anakosa?"

Bi Kuruthumu alikumbuka vizuri alichoandika siku ile barazani, kwa kalamu ya kijani: hakuna. Mke wa mtu wa bandarini, mwili ule, kicheko kile.

Sitara alitazama uani kama waliobaki walikuwa wanasikiliza. Akavuta kigoda mpaka magoti yakagusana, akaanza kuchezea upindo wa lile gauni alilolipunguza.

"Mimi," alisema kwa sauti ambayo Bi Kuruthumu hakuwahi kuisikia kwa miaka thelathini. "Mbaruku alipunguzwa kazi tangu Rajabu. Anatoka asubuhi ili watu wamwone anatoka. Usiniangalie hivyo, andika."

Bi Kuruthumu aliandika. Herufi zilitoka kubwa, zimepinda, moja moja.

"Siku ngapi kwa wiki?" akauliza, kwa kuwa ndilo swali lililofuata.