Glasi Niliyoimaliza

Mimi bia siipendi, na niseme mapema, mtu asije akafikiri nilizunguka barabara ile yote, kutoka kwetu El Bolsón, kusini mwa Argentina, kupanda Bariloche, kisha kushuka kusini mpaka Esquel, kwa starehe zangu. Nilizunguka kwa sababu ya pua ya mume wangu. Edelmiro alilazwa na homa wakati wa baridi, na alipotoka hospitali alikuwa hasikii harufu ya kahawa, wala ya moshi, wala ya soksi zake mwenyewe. Daktari akasema hairudi tena.

Sasa mtu huyo ni mpika bia. Na tulipofika nyumbani tukakuta jiko la bandani lilizimika tukiwa hospitali, baridi imeingia, na chupa zake zote za hamira ya kuchachushia bia zimeganda zikapasuka. Hamira ile aliachiwa na mama yake. Ndiyo iliyoifanya bia yake iwe yake na si ya mwingine. Edelmiro alisimama pale bandani akitazama vile vigae vya chupa, kisha akaenda kulala mchana kweupe, na siku zilizofuata ikawa kumtoa kitandani ni kazi ya kuvutana. Niliogopa. Sikuwahi kumwona hivyo.

Kilichomwinua ni desturi yetu. Huku, mtu akianza kupika bia, jirani humpa chupa ya hamira bure. Siku jirani akiishiwa, anakwenda kuchota kwa yule aliyempa. Edelmiro ameshagawa chupa barabara nzima.

"Lazima kuna mtu bado anayo," akaniambia, ameshavaa viatu. "Wewe utanionjea."

"Mimi? Niliyekunja uso miaka yote kwa hiyo dawa yako ya minyoo?"

"Wewe huyohuyo. Ulimi wako unaijua. Endesha gari, mama."

Pikapu yetu haipulizi joto siku hizi. Tulikwenda tumejifunika, kila tukisimama namimina mate, ile chai yetu chungu ya majani, yeye anafyonza mrija wake wa bombilla na kusema haina ladha, mimi namwambia ni pua yako, mzee, usinisingizie mate yangu. Siku ya kwanza tulicheka.

Bariloche tulikwenda kwa Lautaro, kijana mwenye ndevu na michoro mpaka shingoni, aliyefundishwa kazi na Edelmiro mwenyewe. Akatukumbatia, akatupangia glasi: hii ya kahawa, hii ya asali, hii ya matunda ya porini. Watalii wamejaa, wanapiga picha mapovu.

"Mwanangu, ile hamira yangu," akauliza Edelmiro.

Lautaro akakuna ndevu. "Mzee, siku hizi tunatumia ya pakiti. Haina matata."

"Na yangu?"

"Tuliimwaga tulipohamia huku. Samahani, mwalimu. Sikujua utaihitaji."

Edelmiro akamsifia jengo, taa, hata viti. Mimi nilitamani kumzaba kibao yule mtoto.

Tukashuka kusini. Epuyén, kwa mwingine aliyepewa chupa, tulikuta geti lina mnyororo na kibao cha kuuza, mbwa anabweka peke yake uani. Edelmiro hakushuka hata garini. Baada ya hapo hakuna aliyecheka, na kila nilipomtazama niliona amefumba macho, nami najua mume wangu halali garini.

Alibaki Crisanto wa Esquel, rafiki yake tangu ujana, anayepika kwenye banda nyuma ya nyumba.

"Shemeji Haydée! Bado unaye huyu mkorofi?" akapiga kelele toka mlangoni.

"Nitampeleka wapi? Hakuna anayemtaka!"

Tulipomweleza, Crisanto aligeuka papo hapo. Aliingia ndani akarudi na chupa mikononi, amelowa macho. "Ni ileile uliyonipa, ndugu yangu. Sijaichanganya na nyingine, sijaiacha ilale njaa. Chukua."

Edelmiro akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka puani kwa mazoea. Akakumbuka. Akaishusha taratibu, na mimi nikageuka kando nisimwone.

"Mmiminie mke wangu bia ya hamira hii," akasema.

Crisanto akanipa glasi. Bia ya Edelmiro mimi naijua: inakupiga karafuu na ndizi iliyoiva mno, inakupanda puani mpaka machozi. Nikajiandaa, nikanywa. Hakuna kilichonipanda. Nikanywa tena nikiitafuta ile karafuu. Nikatafuta mpaka chini ya glasi. Ilikuwa bia nzuri, laini, ya kwanza maishani mwangu kuipenda, na moyo wangu ulidondoka puu. Crisanto hakudanganya. Hamira ni kitu hai, huko alikoilea imebadilika yenyewe, na kwa kuwa alikuwa akiinywa kila siku hakuona.

Wazee wawili wananitazama. Ungekuwa wewe ungesemaje?

"Ni yenyewe," nikasema.

Wee! Walikumbatiana wakalia kama watoto. Edelmiro akavua sweta lake palepale akaifunga ile chupa isije ikaganda tena, akabaki na shati. Nikamwambia atakufa kwa baridi. Akasema nimwache.

Tukashika njia ya nyumbani. Theluji ilianza kudondoka kidogo kidogo. Alikuwa ameipakata chupa, akiipapasa kwa kidole gumba. Nikadhani ni furaha. Nilishaanza kupanga nitakavyowaambia wateja wetu wasimwambie kuwa ladha imebadilika.

"Haydée."

"Bee."

"Ulimaliza glasi."

Nikashika usukani kwa nguvu. "Nilikuwa na kiu."

"Hukukunja uso."

Mdomo nilikuwa nimeufundisha uongo, uso nikausahau, na uso huo ameuangalia miaka yote kila alipofungua pipa jipya.

"Edelmiro, mzee wangu, ni bia nzuri. Watu wataipenda."

"Najua," akasema. "Lautaro naye ana bia nzuri."

Akaifungua ile chupa kutoka kwenye sweta, akaiweka sakafuni miguuni pake, akavaa sweta lake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, vifungo vikamshinda, nikasimamisha gari pembeni nimfunge. Chupa ikaanguka, ikalala ubavu. Hakuna aliyeinama kuisimamisha.