Ubeti wa Tisa

Kwenye mashindano ya nyimbo za kale, Nainsí alipomaliza ubeti wa nane alimwona Cóilín, mzee jirani yake, amekaa benchi la mbele na kikombe cha chai. Basi akauruka wa tisa, kama anavyouruka siku zote mzee huyo akiwapo. Maneno ya mwisho aliyasema tu bila kuyaimba, kama ilivyo desturi, akarudi kukaa.

Wimbo huo aliutunga bibi yake Nainsí mwaka mashua ilipozama na wanaume watano. Ubeti wa tisa unamtaja kwa jina nahodha aliyeshika usukani akiwa amelewa chakari. Nahodha mwenyewe ni baba yake Cóilín. Na huko kwao Connemara, mwimbaji mwenye adabu hakuimbii aibu yako usoni.

Lakini mwamuzi wa mashindano alitoka mji mkuu, Dublin, na adabu yake yote ilikuwa kitabuni.

"Humu zimo beti tisa, tumesikia nane," alisema kwenye kipaza sauti, kitabu cha nyimbo mkononi. "Mama yetu amesahau. Kwa umri ule, tumwelewe."

Damu ilimchemka Nainsí. Asahau yeye? Wimbo alioujua kabla hajajua kufunga kamba za viatu! Na pembeni yake binti yake, Bríd, alikuwa ameshamshika kiwiko. Tangu Krismasi Bríd alitaka kumhamishia mjini Galway, kwenye nyumba ya wazee, eti asije akapotewa na akili peke yake kama alivyopotewa marehemu mama yake Nainsí.

"Si nilikwambia, Mama? Umeanza."

"Nimeanza nini? Hebu niache!"

"Jumatatu tunakwenda kuiona ile nyumba. Basi."

Sentensi moja tu ingemwokoa, na sentensi hiyohiyo ingemvua nguo Cóilín mbele ya ukumbi mzima. Alimchukia mwamuzi, akamchukia Bríd, akamchukia hata Cóilín kwa kuja.

"Ndiyo," alisema, meno yameumana. "Nimesahau."

Hapo ikasikika fimbo sakafuni. Cóilín alimwendea, akamshika mkono, akaanza kuuzungusha polepole, kama watu wa kule wanavyomtia nguvu mwimbaji. Ila aliyeimba ni yeye. Kwa sauti mbovu iliyokwaruza aliutoa ubeti wa tisa wote: pombe, wale watano, jina la baba yake. Maneno ya mwisho akayasema tu.

"Huyu hajasahau kitu," alimwambia mwamuzi. "Miaka arobaini anauruka ubeti huu kwa ajili yangu. Liandike hilo kitabuni mwako, bwana mkubwa."

Mwamuzi akakifunga kitabu.

"Nani kakutuma, mzee mpumbavu wewe?" Nainsí alifoka, machozi yakimtiririka. "Miaka yote nakusitiri, leo unajianika kwa ajili ya mwamuzi huyu?"

"Si kwa ajili yake. Nikuache wakuhamishe, nigombane na nani?"

Nainsí alipangusa pua kwa mkono wa sweta, akamgeukia binti yake.

"Na wewe, Jumatatu nenda. Ukaione peke yako."