Mwito wa Kunawa Mikono

Fundi Asumani alikuwa amebakiwa na neno moja: kesho. Umwonyeshe mkasi wake wa ushonaji, kesho. Umwulize kama ameshiba, kesho. Siku jeshi lilipoutwaa mji kutoka kwa waasi, kombora lilimuua mwanawe wa kwanza, Sefu, na baba likamwachia kipande cha chuma kichwani. Ila sura za Kurani alizozihifadhi zamani alizisoma bila kukwama, kwa hiyo majirani wengine wakasema anajifanya. Watu hawakosi la kusema.

Tangu mazishi, mkewe Zaina, ambaye wote walimwita Mama Zaina, hakutaka jina la marehemu litajwe. Mume aliyemwita Papa Sefu miaka yote akawa Papa Jafari, kwa jina la mtoto wa pili. "Yaliyopita si ndwele," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka wa nne akaposwa Aziza, kitinda mimba. Alitaka jambo moja tu: baba yake amwoze kwa kinywa chake mwenyewe, ataje jina lake. Tonton Alfani, ami yake, alijitolea kusema badala ya Asumani, na imamu alisema kuitikia kwa kichwa kunatosha. Kwa sheria kulitosha. Aziza hakutosheka, hamu ya kusikia jina lake kwa baba ilikuwa inamuuma.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki mbili kabla ya ndoa alifika Valère, mtafiti wa chuo kikuu aliyechunguza namna ubongo ukiumia unavyopoteza maneno. Alikaa mkekani, akainua vidole vitatu.

"Papa, hii iko ngapi?"

"Kesho."

"Bon. Tuhesabu pamoja. Moja..."

"Moja, mbili, tatu," alisema mzee, mwenyewe ameshangaa.

Valère alirudia mara nyingi, akaandika, kisha akamgeukia Aziza. "Neno moja peke yake hawezi kulikamata. Lakini yale maneno yalizoea kufuatana, ukimupa la kwanza, yote inakuja. Donc lazima aanze ku mwanzo."

Aziza alielewa upesi kuliko Valère alivyotarajia. Zamani, kila jioni, baba yao aliwaita kwa majina kunawa mikono, kwa mpangilio uleule, mkubwa hadi mdogo, hata kama wote wamekwisha kaa. Akajaribu: "Jafari..."

"Kesho," alisema mzee.

"Jafari, Madina..."

"Kesho."

Uani, mchi wa Mama Zaina ulisita juu ya kinu cha pondu, majani ya muhogo. "Aziza," alisema bila kugeuka, "hapana kutaja ile jina humu." Kisha akaendelea kutwanga. Aziza hakubishana. Alimwonea mama yake huruma, na alimkasirikia pia, yote kwa pamoja.

Siku ya ndoa wanaume walijaa sebuleni, Valère akiwa kati yao na daftari lake. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Imamu aliuliza polepole, "Asumani, unamwoza binti yako yupi?"

"Kesho," alisema mzee.

Tonton Alfani alikohoa, akajisogeza mbele tayari kusema yeye. Nyuma ya pazia Aziza aliinamisha kichwa. Jina la kaka yake lilikuwa ulimini, lakini mama alikuwa kando yake, bega kwa bega, naye akalimeza.

"Sefu," alisema Mama Zaina.

Mzee aligeukia pazia.

"Sefu," aliitikia mzee. Halafu, kwa sauti ileile ya jioni za zamani: "Jafari. Madina. Aziza."

"Aziza," imamu alirudia. "Imetosha, tuendelee."

Aziza alilia bila kujificha, furaha imemjaa kifuani. Alipogeuka kumshika mama yake mkono, mama hakuwapo. Alikuwa amelisogeza pazia, amesimama mbele ya wanaume wote, akimtazama mumewe.

"Papa Sefu," alisema, "anza tena ku mwanzo."