Nyota Tano za Free Area

Chepchumba alifanya kazi ya maabara kwa miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu na kurudi Molo kulima viazi, na katika miaka hiyo yote hakuna kitu alichokidharau kama karatasi safi yenye majibu ya uongo. Ndiyo maana siku aliyoingia katika duka la vitabu la Tara, mjini Nakuru, akaona meza nzima imejaa miongozo ya kuchagulia chuo, mdomo ulimpinda kabla hajagusa hata mmoja.

Alikuwa na bintiye, Jepkemei, aliyekuwa amepata alama ya B ya kutoa katika mtihani wa kidato cha nne na aliyetaka kusomea kazi ileile ya mamake.

"Karibu, Mama Jepkemei," alisema Tara, ambaye alikuwa amewauzia vitabu tangu msichana huyo akiwa darasa la kwanza. "Hivi ndivyo vinatoka sana."

"Hata amiba ilikuwa inatoka sana kwa lab yangu," Chepchumba akamjibu.

Akauchukua wa kwanza. Ulitoka ng'ambo, mzito kama tofali, na picha zake zote zilikuwa za vijana waliolala kwenye nyasi wakicheka. Sura nzima ilieleza jinsi ya kununua koti la chuoni.

"Koti tunalo. Sisi ni watu wa Molo." Akaurudisha mezani.

Wa pili uliandikwa na mtu aliyejiita mshauri wa ndoto. Picha yake ilikuwa imetokea mara kumi na moja, kila mara na tai tofauti. Sura ya kwanza ilisema Jiamini, ya pili ikasema Jiamini Zaidi. Chepchumba alitafuta humo mpaka jalada la nyuma jina la chuo hata kimoja, asilione. Mtu ameandika kurasa mia mbili kuhusu vyuo bila kutaja chuo! Akauweka juu ya lile tofali kwa vidole viwili, kama anayeokota kitu kilichooza.

Lakini wa tatu Jepkemei alikuwa ameshaufungua, moja kwa moja kwenye ukurasa alioutaka, kama mtu aliyekwisha kuuona kwingine. Huo ulivipa vyuo nyota. Chuo kimoja cha afya, Zawadi Heights cha mtaa wa Free Area, kilikuwa na nyota tano: maabara ya kisasa, walimu wenye uzoefu, mandhari tulivu.

"Hiki, Mum. Mitchelle na wengine wote wa darasa letu wanaenda hapa."

"Free Area ni hapo tu," alisema Chepchumba. "Twende tuone hizo nyota."

Walikipata chuo ghorofani, juu ya duka la mabati. Huo utulivu wa mandhari ulikuwa ukikatwa vipande na msumeno wa chuma pale chini. Msajili wao, bwana mmoja mwenye viatu vilivyong'aa aitwaye Thuo, aliwapokea kwa tabasamu pana.

"Karibu, mathe. Mtoto amefika nyumbani."

"Mimi si mathe wako. Maabara iko wapi?"

Ilikuwa chumba chenye viti vya plastiki na meza moja. Juu ya meza palikuwa na maikroskopu moja, bado imevikwa mfuko wake wa nailoni. Chepchumba aliuvua, akainama kutazama kwa jicho moja, kisha akapapasa mahali lenzi zinapofungwa. Hapakuwa na kitu. Matundu matatu, matupu.

"Lenzi ziko wapi?"

"Hiyo ni ya demonstration," alisema Thuo.

"Inademonstrate nini? Upofu?"

Akamuuliza kama bodi ya taaluma inawatambua. Thuo akasema mambo yako kwenye process. Akamuuliza tena, basi, hao waandishi wa kitabu waliona nini hata wakawapa nyota tano.

"Hawakukuja," alisema Thuo, bila hata kuona aibu. "Walitutumia fomu kwa email. Tukajijazia."

Chepchumba alicheka mpaka ikabidi ashike ukuta. Aliendelea kucheka wakishuka ngazi, na walipofika barabarani bado alikuwa anasema, "Wakajijazia! Mgonjwa ajiandikie majibu mwenyewe!"

Ndipo Jepkemei aliposimama. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, ila sauti ilikuwa kavu.

"Sawa, Mum. Hiki ni kibaya, kile ni kibaya, huyu ni mjinga. Tangu Januari ni hivyo tu. Wewe umenionyesha gani?"

Chepchumba alijua tu vyuo vya miaka thelathini iliyopita, na viwili kati ya hivyo havikuwepo tena. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukubali.

Walirudi kwa Tara. Safari hii Jepkemei ndiye aliyesema. "Auntie, nataka kitabu cha mtu aliyeenda hivyo vyuo na miguu yake."

Tara aliwatazama wote wawili, kisha akainama chini ya kaunta akatoa kijitabu chembamba cha kijivu, kisicho na picha, kilichoandikwa na walimu watatu wa sekondari. "Hiki hakuna mtu hununua," alisema. "Kinaboesha."

Zawadi Heights hakikuwemo. Kila chuo kilichokuwemo kilikuwa na tarehe ambayo walimu walikitembelea, alama za kuingilia, na kama bodi inakitambua. Kimoja kiliandikwa hivi: vyoo vibovu, maji hukatika, maabara nzuri.

Jepkemei alikipigia simu palepale dukani, akauliza wana maikroskopu ngapi. Mwanamke aliyepokea akamwambia asubiri, akahesabu kwa sauti, akafika kumi na nane, akasema mbili zinahitaji fundi.

"Huyo anasema ukweli," alinong'ona Chepchumba.

"Nimesikia, Mum."

Jepkemei aliingia chuo hicho Septemba. Mamake alimsindikiza akiwa amejitwisha godoro, akalaani vyoo, akalaani rangi ya ukuta, akamsahihisha karani tahajia ya jina la kijiji chao. Kisha akaomba aonyeshwe maabara, akakaa humo saa nzima akibishana na mwalimu kuhusu jinsi ya kutia rangi sampuli za damu, na Jepkemei akapanga vitu vyake bwenini peke yake, kwa amani.