Mlango wa Nyuma wa Lori la Runazi

Asubuhi ile malori yalipochukuliwa kwenda vitani, mwezi wa kumi na moja mwaka wa sabini na nane, Gervasi alikuwa amepiga magoti ndani ya bodi ya lori la mwisho, akikaza nati ya mlango wa nyuma. Mkewe Koleta alisimama kando ya barabara na bakuli la uji, akimngoja amalize. Ofisa akapiga filimbi, injini zikanguruma, na msafara ukaondoka Runazi na fundi akiwa juu.

Gervasi hakuwa na wasiwasi. Aliinua spana na kupaza sauti: "Nashuka hapo mbele! Usiumwage uji!"

Nyandwi, aliyefanya naye kazi karakana, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, mumeo kaondoka kama gunia la mihogo. Tena halikufungwa hata kamba."

Uji ukapoa. Koleta akaurudisha jikoni, akaufunika.

Karakana ya kijiji cha ujamaa cha Runazi ilikuwa na kazi moja, kuunganisha bodi za mizigo za malori ya ushirika. Bodi zilikuja ndani ya makasha, mbao na vyuma vikiwa vimekatwa tayari, pamoja na mchoro wake. Aliyezibuni alipenda sana bolti. Zilikuwamo ndefu na fupi, nene na nyembamba, kila aina na spana yake, na ikipotea moja tu njiani lori lilikaa juu ya magogo mpaka mihogo ya watu ikaota ukungu ghalani.

Gervasi hakugombana na mchoro. Kwenye kila bodi mpya aliondoa kipande kimoja, mihogo ikapakiwa, lori likaenda Nyantakara na kurudi kwa barabara ile yenye mashimo. Mzigo ukirudi mzima, kipande kilitundikwa darini na hakikutumika tena. Ukimwagika, kilirudishwa mahali pake, na watu waliokota mihogo huku wakimtania. Hivyo ndivyo bodi ya Runazi ilivyopungua, mpaka ikabaki na bolti za aina moja, spana moja, na mbao za urefu mmoja ambazo hata ukizigeuza zinaingia. Akina mama waliotoka shamba waliweza kuisimamisha kabla maharage hayajaiva.

Baada ya Gervasi kuondoka, makasha yaliendelea kuja na bodi ziliendelea kusimama. Hilo ndilo lililomnyima Koleta usingizi. Alimjua mumewe na desturi yake. Kipande kikitoka na mzigo ukarudi mzima, basi kipande hicho hakikuwa na kazi, na hakuna anayekiulizia tena.

Halafu lori la kwanza likapita mbele ya nyumba yake, na gunia moja likashuka. Lori halikusimama, wala kamba hazikulegea. Gunia lilionekana tu mlangoni kwa Koleta, wima, mdomo umefungwa vizuri. Lori la pili lilishusha debe la mafuta ya taa. La tatu lilishusha mbuzi, naye akaanza kula majani ya maharage papo hapo. Koleta alirudisha vyote ghalani, na usiku huo alilala mpaka jua likachomoza.

Katibu wa kijiji, Pancras, alikuja kutazama. Aliagiza kamba ziongezwe. Lori lililofuata lilishusha gunia pamoja na kamba zake, zimekunjwa vizuri.

"Ni safari ya Nyantakara hiyo, Katibu," alisema Nyandwi. "Mzigo haurudi mzima. Maana yake tumetoa kipande kisichotakiwa kutoka."

"Kipande gani? Si vyote viko darini?"

"Kimoja hakiko darini. Kiliondoka na spana."

Pancras akafikiri. "Basi kirudishwe."

"Kiko jeshini," alisema Koleta.

Malori ya askari nayo yalipoanza kupita yakiwa na bodi za Runazi, kila moja lilimshusha askari mmoja. Alijikuta amekaa kwenye kigoda uani kwa Koleta, bunduki magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Alikula ugali wa muhogo na maharage, akanawa, akadandia lori lililofuata. Habari zikaenea, na askari wakikaribia Runazi walinyoa ndevu na kufuta vumbi viatuni, kila mmoja akiomba yeye ndiye ashushwe. Kila mmoja Koleta alimuuliza swali moja, kama amemwona fundi wa bodi aitwaye Gervasi. Walitikisa vichwa, wakasifu maharage.

Masika yalipokuwa yakiisha, alishushwa kijana wa Mabawe, jina lake Ildefonce. Aliposikia swali aliweka tonge chini.

"Fundi mwenye spana moja? Alitufungia mlango wa nyuma ng'ambo ya mto, kule vitani, mama. Kila siku alisema yeye anashuka hapo mbele, kuna uji unamngoja. Tukawa tunamwita Bwana Uji." Akatazama mikono yake. "Kombora lilimkuta chini ya lori letu. Tulimzika palepale. Spana tukamwekea mkononi."

Koleta alimwongezea maharage. Kisha akaingia ndani, akakaa, akatoka tena alipoitwa kupewa asante.

Kesho yake alikwenda kwa Pancras. Alitaka jambo moja tu. Majina ya waliokufa vitani yatakaposomwa, la Gervasi lisomwe pamoja nayo. Pancras alisafiri kwenda kuuliza, akarudi kwa lori, na lori likamshusha mlangoni kwa Koleta kama kawaida.

"Jeshini wanasema fundi siyo askari, ni mtu wa kijiji. Wilayani wanasema kijiji hakikumtuma, alipanda mwenyewe."

"Alipanda kukaza nati."

"Niliwaambia. Wakauliza kama ilikaza."

"Ilikaza."

"Hilo pia niliwaambia," alisema Pancras.

Vita ilipokwisha, dereva Anatoli alirudi kutoka kaskazini na lori tupu. Lilipofika mbele ya nyumba ya Koleta, springi za upande wa kushoto zikanyanyuka, kama zinavyonyanyuka mtu mzima anaposhuka. Anatoli akatoa kichwa dirishani.

"Mama, abiria wako kashuka. Toka mtoni ananilemea upande mmoja."

"Ahsante, baba. Hakukusumbua?"

"Katulia kabisa. Ila nati zangu zote zimekazwa, hata zile nilizotaka zilegee."

Benchi la nje likalia, kisha likainama upande wa kushoto. Koleta akapasha uji, akauweka pale. Uji ulipungua polepole, kama anavyokunywa mtu aliyetoka mbali. Nyandwi alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akasimama akilitazama benchi.

"Sasa shemeji, mbona leo hakupiga kelele kwamba anashuka?"

"Kachoka," alisema Koleta. Nyandwi akacheka, akafuta macho, akamimina.

Tangu siku hiyo malori hayakushusha kitu. Mihogo ilikwenda Nyantakara na kurudi mizima. Askari waliokuwa wakirudi makwao walipita wamenyoa bure, wakageuza shingo kuitazama nyumba mpaka ikafichwa na migomba.

Pancras alisafiri tena, akaeleza kwamba Gervasi amerudi. Wakamjibu kwamba aliyerudi sharti aonekane. Akaeleza kwamba amezikwa ng'ambo ya mto. Wakamjibu kwamba aliyekufa sharti awe alitumwa. Walimpa chai, nao walikuwa watu wa heshima.

Siku hizi bodi ya Runazi inasimamishwa kwa spana moja, na asubuhi nati hukutwa zimekazwa. Siku ya mashujaa majina husomwa kwenye uwanja wa shule, na la Gervasi halimo. Koleta huenda na benchi lake kusikiliza. Hukaa mwisho wa kulia, maana kushoto kumeshainama.