Mapacha Wanne wa Shangazi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mifuko minne midogo ilikuwa juu ya sinia la bati, na sinia lilikuwa mapajani mwa shangazi. Aliliinamisha taratibu upande wa kulia, akalirudisha, akaliinamisha upande wa kushoto. Kilichokuwa ndani ya mifuko kilikuwa cha manjano, kizito kidogo kuliko maji. Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, miguu ameinyoosha, kiatu kimoja amekivua.

Daktari wa damu alisimama mlangoni akamtazama kwanza kabla ya kumsalimu. Mwendo wa sinia ulikuwa sawasawa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sisi hapa hatujambo. Hawa hawalali, na mimi hawanilazi."

Mfagizi aliyekuwa akipiga deki akacheka. "Bibi naye! Mapacha wanne, na tumbo hata hatukuliona."

"Na baba yao hajaleta hata kipande cha sabuni," alisema shangazi bila kusimamisha sinia.

Daktari alichukua mfuko mmoja, akaupeleka dirishani, akautikisa mara moja dhidi ya mwanga. Ndani yake pakazuka mawimbi membamba yanayong'aa, kama moshi unaojizungusha kwenye maji. Hiyo ndiyo dalili. Chembe sahani, zile zinazoziba mshipa unapopasuka, zikiwa hai huwa bapa na huakisi mwanga. Zikiharibika huwa mviringo, na mwanga haupati pa kugonga. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho, wala cha bei nafuu zaidi. Kinahitaji dirisha tu.

Chembe hizo hazitaki baridi, na hazitaki kutulia. Mashine ya kuzitikisa ilikuwa imesimama tangu mvua zilizopita, na kila daktari alipouliza kuhusu kipuri chake, Katibu wa hospitali alimjibu kwamba suala linashughulikiwa. Hivyo kazi ya mashine ilifanywa na ndugu wa wagonjwa. Daktari aliwafundisha mwenyewe. Wengi walielewa upesi, hasa waliowahi kulea.

Mgonjwa alikuwa mpwa wa shangazi, binti wa kaka yake, mshonaji wa sare za shule. Wodini walimwita Fundi. Uboho wake ulikuwa umeacha kutengeneza damu, na tangu juzi pua yake ilikuwa ikivuja bila kukoma. Wenzake wanne wa karakana ndio waliokuja kutoa damu, kwa kuwa kundi lao na lake ni moja. Hawangeruhusiwa kutoa tena hivi karibuni. Kilichobaki ni majibu ya vipimo vya maambukizi, ambayo maabara iliahidi kuyatoa saa sita mchana.

"Kwa hiyo mpaka saa sita," alisema shangazi.

"Mpaka saa sita. Ukichoka, mwite wifi yako. Usiliweke chini, na usimpe mtu asiyejua."

"Nimpe nani, mwanangu? Huyu ni mtoto wa kaka yangu."

Saa tatu Katibu alipita na makoti meupe mapya, bado yana mistari ya kukunjwa. Wageni wa wizara walikuwa njiani. Kila daktari alitakiwa avae moja na asimame kwenye mstari wa mapokezi.

"Nina wagonjwa," alisema daktari.

"Sote tuna wagonjwa, Dokta. Nusu saa tu. Unataka waseme Mama Damu amegoma?" Mama Damu ndilo jina alilopewa na wagonjwa, na Katibu alilitumia alipotaka kitu. "Halafu ndugu wote watoke nje ya geti mpaka kesho asubuhi. Korido zimekuwa kama stendi."

"Yule mama aliye kwenye chumba cha damu anafanya kazi yangu. Asiguswe."

"Sawa, sawa. Vaa koti."

Alilivaa. Kwenye mstari alisimama kati ya daktari wa meno na mfamasia, mkabala na mti mkubwa wa uani ambao matawi yake yalikatwa jana ili magari ya wageni yapate kivuli bila kukwaruzwa. Kutoka kwenye kila jeraha utomvu mwekundu ulikuwa umeteremka kwenye gome. Asubuhi wagonjwa walikuwa wameuzunguka, wakinong'ona kwamba mti unatoka damu. Si damu. Hauna chembe hata moja. Ni maji ya mti yenye dawa inayokausha, na kazi yake ni kuziba. Daktari aliona kwamba ulikwisha kuganda, na kwamba sisimizi watatu wamenaswa ndani yake.

Nusu saa ikawa saa moja na nusu. Wageni walipofika walipeana mikono na kila mtu, wakapigwa picha, wakaanza kuzunguka.

Kwenye chumba cha damu ndoo haikuwepo. Shangazi hakuwepo. Sakafu ilinukia dawa ya kuoshea. Mkaguzi, mwanamume mrefu mwenye miwani, alifungua friji, akasoma kipimajoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nyuzi nne. Safi sana. Hapa pana mpangilio."

"Tunajitahidi, mheshimiwa," alisema Katibu.

Daktari alitazama ndani ya friji juu ya bega la mkaguzi. Kwenye rafu ya pili, kati ya mifuko myekundu, ilikuwepo mifuko minne ya manjano, imepangwa mmoja juu ya mwingine. Alinyoosha mkono akaitoa. Ilikuwa baridi kama chupa ya soda. Alikwenda nayo dirishani, akautikisa wa kwanza, halafu wa pili, wa tatu, wa nne. Hapakuzuka wimbi. Mwanga ulipita moja kwa moja, kama kwenye chai ya rangi iliyopoa.

"Nani ameiweka humu?"

Katibu alicheka kidogo, akimtazama mkaguzi. "Si friji hiyo, Dokta? Au ulitaka wageni wakute damu mapajani mwa bibi, kakaa juu ya ndoo, kiatu kimoja?"

"Tangu saa ngapi?"

"Baada ya wewe kwenda kwenye mstari. Na mimi sikubuni. Soma mwenyewe." Alionyesha mlango wa friji. Palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: DAMU YOTE IWEKWE HUMU. Mwandiko ulikuwa wa daktari. Aliibandika zamani, mashine ilipokuwa ikifanya kazi, kwa sababu wauguzi walikuwa wakisahau mifuko myekundu mezani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa habari ya ile ya manjano. Ilikuwa na mahali pake.

"Kuna tatizo?" aliuliza mkaguzi.

"Hakuna, mheshimiwa," alisema Katibu.

"Lipo," alisema daktari. "Hizi haziwekwi kwenye baridi. Mashine yake ni ile pale, imekufa. Mgonjwa anazisubiri, na sasa zimeharibika."

Mkaguzi aliitazama mashine, kisha saa yake ya mkononi. "Hilo liingizwe kwenye taarifa."

"Linashughulikiwa," alisema Katibu, na msafara ukaelekea kwenye ukumbi wa chai.

Daktari aliibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti jipya. Kisha akaenda getini.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye jua kali miongoni mwa ndugu wengine, mikono imefumbatwa kifuani. Alipomwona daktari alisogea kwenye vyuma.

"Nilikataa, mwanangu. Nikamwambia dokta kasema nisimpe mtu. Akasema yeye ndiye mkubwa wa dokta. Wamewalaza wapi watoto wangu?"

"Wamewaweka kwenye friji."

"Sasa?"

"Zimepoa, shangazi. Zikipoa zinaharibika."

Shangazi alifikiri. "Si tutazipasha moto? Nizitie kifuani hapa, chini ya khanga. Nina joto mimi."

"Hazirudi. Zimebadilika umbo."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Shangazi hakulia. Aliitazama mikono yake, akaifumbata upya. "Basi nimemuua mtoto wa kaka yangu."

"Hujafanya kosa lolote. Lile bango la kwenye friji nililiandika mimi."

Majibu ya maabara yalitoka saa sita kama ilivyoahidiwa: damu zote nne zilikuwa safi. Daktari alijua kwamba chembe zilizopigwa na baridi bado zinaweza kunata kwenye jeraha kwa muda mfupi. Tatizo ni kwamba mwili huziona kama takataka na kuzifagia mapema. Saa chache, badala ya siku kadhaa. Hapakuwa na nyingine. Aliagiza zitundikwe.

"Leo nitalala bila pamba puani?" aliuliza Fundi, sauti ikitokea mdomoni tu.

"Itapungua kidogo. Haitadumu."

"Kidogo si haba. Nimechoka kumeza chumvi ya damu. Na shangazi mbona simwoni?"

"Yuko getini."

Kisha daktari alirudi kwenye chumba cha damu, akapandisha mkono wa koti na wa blauzi, akamwambia mchukua damu wa zamu amchome. Kundi lake nalo lilikuwa lile lile.

"Dokta, na umesimama tangu asubuhi?"

"Choma."

Kutoka kwenye damu yake, baada ya kuzungushwa na kupumzishwa, ulipatikana mfuko mmoja wa manjano. Ilihitajika minne. Vipimo vyake vingetoka kesho. Aliutikisa dirishani: moshi ulikuwepo. Wauguzi wa zamu walikuwa wawili kwa wodi nzima, mfagizi alikuwa amekwisha ondoka, na ndugu hawakuruhusiwa mpaka asubuhi.

Alivua koti jipya, akalikunja kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nalo getini.

Saa kumi na moja kasoro Katibu alipita kwenye korido akitoka kuwasindikiza wageni. Uso wake uling'aa kwa furaha. Kupitia kioo cha mlango aliona mgongo wa koti jeupe, umeinama mezani.

"Tumepita, Dokta! Friji hasa wameisifu," alisema bila kusimama. "Kazi njema."

"Asante, mwanangu," alijibu shangazi.

Katibu alikuwa amekwisha fika kwenye ngazi. Shangazi alikunja mikono mirefu ya koti, akaliinamisha sinia upande wa kulia, akalirudisha, akaliinamisha upande wa kushoto. Safari hii lilikuwa na mtoto mmoja.

Saa kumi na moja na nusu muuguzi alimtoa Fundi pamba puani. Ilikuwa nyekundu hadi ncha. Akaweka nyingine.